Ndiyo za Mosima, Hapana za Lesiba

Daktari Sekgobela alifunga mlango kabla ya kumkaribisha Mosima kiti, na hapo hapo Mosima akajua kuna jambo. Mlango wa chumba kile haukuwa ukifungwa. Kwa joto la kijiji chetu cha Ga-Lepadima, kufunga mlango ni kujipika mwenyewe.

"Mma Ledwaba," daktari alianza, akimwita kwa jina la ukoo, "wewe na Lesiba mnawahoji watu wale wale?"

"Wale wale, daktari. Yeye anaanza, mimi nafuata wiki ya pili. Au natangulia mimi, anafuata yeye."

"Na hamuonyeshani majibu."

"Hatuonyeshani. Ndivyo ulivyotuagiza."

"Basi nieleze wewe, maana mimi nimeshindwa. Mtu mmoja, maswali yale yale, wiki moja tu katikati. Kwako wewe ni mgonjwa wa tumbaku. Kwa Lesiba ni mzima kabisa. Angekuwa mtu mmoja ningenyamaza. Ni karibu wote."

Daktari akashusha sauti, "Simtuhumu mtu. Nakuomba tu ufumbue macho. Ukiona kitu, uje kwangu, si kwa mwingine."

Mosima alitoka mle chumbani akiwa hana shaka ni nani anayetakiwa kuangaliwa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Madaktari wa akili wana kipimo chao cha kumtambua mtu aliyetekwa na tumbaku. Kina alama kumi na moja. Je, hamu hukushika ukashindwa kufikiri kingine? Je, unatumia zaidi ya ulivyokusudia? Umejaribu kuacha ukashindwa? Umeacha mambo ya maana kwa ajili yake? Unagombana na watu kwa sababu yake? Na mengine ya namna hiyo. Ukionekana na alama mbili tu, umeshaitwa mgonjwa. Lakini kipimo hicho kilitengenezwa mbali, kwa watu wa sigara, na huku kwetu kina mama wengi hawaijui sigara. Wao ni ugoro. Chuo kikuu kikamtuma mama huyu, Daktari Sekgobela, achunguze kama kipimo kile kinawashika wanaopaswa kushikwa, na kama watu wawili tofauti wakimuuliza mtu mmoja watapata jibu moja. Ndiyo maana wahojaji walikuwa wawili.

Mosima alikuwa muuguzi wa kitengo cha wagonjwa wa akili pale kliniki, mama wa watoto wawili, mumewe yuko machimboni Burgersfort na hurudi mwisho wa mwezi. Nyumbani aliishi na mama mkwe wake. Lesiba Mokonyane alikuwa kijana aliyemaliza chuo juzi juzi, suruali imenyooka, beji ya kanisa lake kifuani. Kanisa lile halitaki tumbaku wala pombe, na Lesiba hakuwa na haja ya kumwambia mtu, beji ilisema. Mengi ya haya alinisimulia Mosima mwenyewe baadaye, tukigawa dawa dirisha moja pale kliniki, na mengine nikayapata kwa Lesiba.

Tangu siku ile Mosima akaanza kumwangalia mwenzake. Akaona mambo. Lesiba aliondoka pamoja naye asubuhi lakini alirudi mapema zaidi. Viatu vyake havikuwa na vumbi jekundu la njia ya mlimani, na njia hiyo hupiti ukarudi bila vumbi. Mara moja Mosima alimwona kwa Ntate Phasha, mzee anayeosha magari, anakunywa soda, saa ambayo alipaswa kuwa kwa watu. Mosima akajisemea, huyu anakaa kivulini na kuandika hapana mpaka mkono uchoke. Hapana ni jibu la mvivu. Ukiandika ndiyo, lazima uendelee kuuliza tangu lini, mara ngapi, ilikuwaje. Ukiandika hapana unageuza ukurasa.

Kilichomkera zaidi ni swali ambalo Lesiba alimuuliza siku moja kwenye pikapu ya kliniki, akimwita sesi, yaani dada.

"Sesi Mosima, mbona kila ukitoka kwenye nyumba za watu unatafuna pipi za mnanaa?"

"Kooni kunakauka. Tunaongea kutwa."

"Mimi pia naongea kutwa," Lesiba akasema, akatazama nje.

Mosima alifunga mkoba wake. Yeye alikuwa mvutaji. Alianza akiwa chuo cha uuguzi Polokwane, na hakuna aliyejua: si mumewe, si dada zake, na hasa si mama mkwe. Ga-Lepadima bibi anaweza kuketi mbele ya mchungaji na kopo lake la ugoro, akanusa, akapiga chafya, na mchungaji akaendelea na mahubiri. Lakini mwanamke mwenye sigara ni habari ya wiki nzima. Kwa hiyo Mosima alikuwa na utaratibu wake. Alivuta nyuma ya matangi ya maji ya kliniki, mkono umevaa glavu ya uuguzi ili vidole visinuke, kitambaa cha kichwa kimewekwa kwenye mkoba. Kisha sabuni, mnanaa, na kusimama kwenye upepo. Nguo zake alizifua mwenyewe, na mama mkwe alimsifu kwa majirani kuwa ana mkamwana msafi.

Basi akawa anamshuku Lesiba kwa uvivu, na anamshuku vilevile kwamba anamnusa.

Siku ya Jumatano Lesiba alikuwa na zamu ya kwenda kwa Koko Raesetja. Koko kwetu ni bibi, na huyu alikuwa mjane anayeishi ng'ambo ya mto uliokauka, mwembamba, macho makali, ugoro wake ukijulikana mpaka kijiji cha pili. Wiki iliyotangulia Mosima alikuwa amemhoji, wakazungumza asubuhi nzima, na akaondoka na alama saba. Mosima akaona hii ndiyo nafasi. Kama Lesiba hatafika kwa Koko Raesetja na jioni akaja na majibu, mambo yamekwisha.

Akaaga kliniki kwamba anakwenda kwa mgonjwa, akapita njia ya mbuzi, akatangulia. Akajibanza nyuma ya jiko la nje la Koko, kwenye ukuta wa udongo uliopata ufa, akangoja. Alikuwa na uhakika atangoja bure.

Lesiba akafika. Hata hakuchelewa. Alivua kofia getini, akamwamkia bibi kwa heshima zote, akaulizia kuku na magoti yake, akakaa mle jikoni kwenye kigoda alichopewa. Na viatu, Mosima akaona kupitia ufa, alivivua na kuvipangusa kwa kitambaa kabla ya kuingia. Hiyo ndiyo siri ya viatu: kila anapofika mahali huvipangusa.

"Koko, nitakusomea maswali kama yalivyoandikwa. Unijibu ndiyo au hapana. Ukitaka kuongeza, ongeza."

"Soma, mjukuu."

"Katika mwaka huu, umetumia tumbaku kwa wingi zaidi, au kwa muda mrefu zaidi, kuliko ulivyokusudia?"

"Hapana."

"Umejaribu kupunguza au kuacha, ukashindwa?"

"Hapana."

"Umeacha au kupunguza shughuli zako za maana kwa sababu ya tumbaku?"

"Shughuli gani? Hapana."

"Umeendelea kutumia ingawa inakuletea ugomvi na watu?"

"Nigombane na nani? Naishi na kuku. Hapana."

Mosima alisikia kila neno. Lesiba hakuruka swali, hakuharakisha, hakumlisha bibi jibu. Kati ya hapana na hapana alisikia kucha za Koko zikigonga mfuniko wa kopo, tik tik, kisha kimya kidogo, kisha pumzi ndefu puani. Bibi alikuwa ananusa ugoro huku akisema tumbaku haina neno naye. Na Lesiba akiandika. Kwa mwendo huo wa hapana tupu angemaliza mapema, na muda wa soda angeupata.

Hasira ikampanda, na sasa hakujua amkasirikie nani. Lesiba hakuwa mwongo. Basi mwongo ni bibi? Na kama bibi ni mwongo, alimdanganya nani, Lesiba wiki hii au yeye wiki iliyopita? Lile la pili ndilo lililomuuma. Watu walikuwa wanapeana uvumi kwamba watakaokutwa na ugonjwa wa tumbaku watanyang'anywa pensheni. Wengine walisema kinyume, kwamba watakaokutwa wagonjwa watapewa vifurushi vya chakula. Inawezekana yale aliyomsimulia, yaliyozaa zile ndiyo saba, yalikuwa ya kutafuta vifurushi.

Bila kufikiri akatia mkono mkobani, akavaa glavu, akawasha sigara.

Alikuwa amevuta nusu Lesiba alipotokea kwenye pembe ya jiko, madaftari yake kwapani. Wakatazamana. Mosima aliishusha sigara, lakini hakukuwa na mahali pa kuishusha.

"Kumbe hiyo ndiyo pipi ya mnanaa," Lesiba akasema.

"Na wewe unafanya nini huku nyuma?"

"Nimesikia harufu. Wewe ndiye unaeleza unafanya nini huku nyuma. Unanifuata?"

"Nilitaka kujua kama unafika."

"Nani kakutuma?"

Lesiba akacheka bila furaha. "Alikufungia mlango, siyo? Akakwambia ufumbue macho. Na mimi alinifungia. Siku hiyo hiyo, mchana. Akaniambia nikiona kitu niende kwake, si kwa mwingine."

"Kuhusu mimi?"

"Kuhusu wewe. Aliniambia unaweza kuwa unawasukuma watu waseme ndiyo. Na sasa naona kwa nini. Unajihoji mwenyewe, halafu unaandika jina la bibi wa watu."

Neno hilo lilimpata Mosima pabaya. Hapo sauti ya Koko Raesetja ikatoka ndani, haina haraka.

"Mleteni huyo mwenye moshi aingie. Mnagombana kwenye jiko langu kama wake wenza."

Wakaingia wote wawili, Mosima amezima sigara na kuifunga ndani ya glavu. Koko akamnyooshea kidole kigoda cha pili. Alimtazama Lesiba, akamtazama Mosima, akagonga kopo.

"Koko," Lesiba akasema, na safari hii sauti yake haikuwa ya kusoma, "kwa alivyosema daktari, wiki iliyopita ulimwambia huyu sesi ndiyo nyingi. Leo mimi umenipa hapana tupu. Kuna mmoja wetu umemdanganya."

"Sijamdanganya mtu. Umeniuliza kama nimejaribu kuacha nikashindwa. Sijajaribu. Niache, niwe nafanya nini? Umeniuliza kama natumia kuliko nilivyokusudia. Mjukuu wangu, nani anaamka akakusudia ugoro? Kuna mtu anakusudia kupumua?"

"Na huyu alikuuliza hivyo hivyo."

"Huyu alisoma hivyo hivyo, nikamjibu kama nilivyokujibu. Halafu akaweka karatasi chini. Akaniuliza, kopo likibaki vumbi tupu na duka limefungwa, unafanyaje?" Koko akageuka kwa Mosima. "Siku ile ile nikajua wewe unavuta. Mtu asiyejua arosto, ile hamu ya aliyekosa, hawezi kuuliza swali hilo. Mama mkwe wako anajua?"

"Hajui, Koko."

"Hm," Koko akasema. Hakusema atamwambia, wala hakusema hatamwambia.

Lesiba hakulegeza. "Swali hilo halimo kwenye orodha. Na jibu lake sijui lilikuwa nini, kwa hiyo siwezi kujua kama lilistahili ndiyo." Akamgeukia Mosima. "Sema. Kama kwa mfano uliandika ameacha mambo ya maana, alikujibu nini? Mimi amesema hajaacha."

"Siwezi kusema."

"Unaona? Huwezi."

"Aliniambia mimi, Lesiba. Hakukwambia wewe. Siwezi."

Lesiba alikuwa na uso wa mtu aliyeshika mwizi. Mosima aliona wazi kwamba Alhamisi asubuhi kijana huyu atakuwa chumbani kwa daktari, mlango umefungwa, na kila kitu kitasemwa: glavu, moshi, ndiyo za kujitungia. Na bado hakufungua mdomo.

Koko Raesetja ndiye aliyesema. Aliongea akitazama mlangoni, kwenye mwanga, kama anayeeleza habari za mtu mwingine.

"Siku Mahlodi anakata roho sikuwepo. Mume wangu. Watu wote hapa wanajua nilikwenda kumwita mchungaji. Sikwenda kwa mchungaji. Kopo lilikuwa tupu tangu jana yake, na sikuweza kumwacha kwa sababu alikuwa anahema vibaya. Nikakaa, nikakaa, nikawa hata simsikii anavyohema, nasikia kopo. Nikamwambia nakuja sasa hivi. Alinijibu kwa macho. Nikaenda kwa Madimetja muuza ugoro, akawa hayupo, nikamngoja. Niliporudi wanawake walikuwa wameshageuza kioo ukutani, kama hufanywa mtu akifa."

Akafungua kopo, akachota, hakunusa. Aliuacha ugoro kwenye vidole.

"Sasa wewe ukiniuliza kama tumbaku imenidhuru, nakwambia hapana. Tumbaku haikuondoka kitandani. Miguu ni yangu. Ukiniuliza kama niliacha jambo la maana, nakwambia hapana, kwa sababu nilirudi. Huyu hakuniuliza hivyo. Ndiyo sababu nikamwambia. Na wewe nisingekwambia hata ungeuliza vipi, na hiyo beji yako. Leo nimesema kwa sababu unataka kumla mwenzako bure."

Lesiba hakuandika kitu. Aliinama, akamshukuru bibi kwa mikono miwili, wakatoka.

Walitembea mpaka katikati ya mto uliokauka. Palikuwa na jiwe kubwa, Lesiba akakaa. Mosima alibaki amesimama, hajui kama wanagombana au wameacha.

"Nikuulize," Lesiba akasema.

"Niulize nini?"

"Maswali. Yote. Nitasoma kama yalivyo. Ujibu kweli."

"Ili umpelekee Sekgobela?"

"Ili nijue. Nina sababu zangu. Baba yangu alikufa kwa kifua na mpaka anakufa alisema hana shida na sigara. Niulizeni, alikuwa akisema, mimi sina shida. Nilidhani alikuwa mwongo."

Mosima akaketi upande wa pili wa jiwe. Bado alimshuku. Alifikiri huenda ni mtego mzuri kuliko yote. Lakini alikuwa amechoka kujificha kwa siku ile moja, akasema soma.

Umetumia zaidi ya ulivyokusudia? Alifikiri kwa uaminifu. Hapana. Alikuwa anahesabu, kwa sababu sigara za kujificha lazima ziwe na hesabu. Umejaribu kuacha ukashindwa? Hapana, hajawahi kujaribu. Kuacha kungemfanya mkali, na mama mkwe angeuliza ana nini. Unatumia muda mwingi kuitafuta? Hapana, dakika tu, nyuma ya matangi. Umeshindwa kazi au malezi kwa ajili yake? Hapana. Umeacha shughuli za maana? Hapana, alizipanga zote zikae sawa kuizunguka. Ugomvi na watu? Hapana, wangegombana naye kwa kitu gani wasichokijua? Alijisikia akijibu kwa sauti ile ile ya Koko, hapana, hapana, hapana, na kila moja ilikuwa kweli.

"Hamu kali, mpaka ukashindwa kufikiri kingine?"

"Ndiyo. Hiyo ndiyo."

Lesiba alimaliza yaliyobaki, akajumlisha. Akajumlisha tena.

"Moja," akasema. "Sesi Mosima, kwa kipimo hiki wewe ni mzima."

Mosima alijikuta anacheka, halafu anaona aibu kwa kucheka. Mle mkobani mwake mlikuwa na glavu yenye kipande cha sigara, kitambaa cha kubadilisha, sabuni ndogo, pipi. Alikuwa ameacha kumkumbatia mwanawe mdogo akitoka kazini mpaka aoge kwanza, na mtoto alikuwa ameshazoea kusubiri. Hakuna swali lililouliza hilo. Na yeye, kama asingekuwa mvutaji, asingejua kuliuliza.

"Andika," akasema. "Niandike mimi mzima."

Asubuhi yake walikwenda kwa daktari pamoja, na kule kwenda pamoja kuliharibu kila kitu kabla hawajakaa. Daktari Sekgobela aliwatazama kwa zamu.

"Nilimwambia kila mmoja aje peke yake."

"Ulituambia wote wawili maneno yale yale," Lesiba akasema. "Umetufanya tuvizie nyuma ya majiko ya watu."

"Nilikuwa na tatizo. Nikatafuta njia ya kulitatua."

Mosima akasema alichokuja kusema. Kwamba yeye ni mvutaji. Kwamba baada ya kusoma swali kama lilivyo, aliongeza yake, kwa sababu alijua wapi pa kugonga. Kwamba Lesiba alifanya kazi yake bila kosa hata moja, na hapana zake zote zilikuwa za kweli, na kwamba ndiyo za upande wake pia zilikuwa za kweli. La Mahlodi hakulitaja, wala Lesiba hakulitaja.

Daktari aliandika kitu pembeni ya karatasi. Kisha akasema, "Basi majibu yako nitayatoa kwenye utafiti, Mma Ledwaba. Yote. Umekwenda nje ya maneno. Siwezi kujua uliyoyasikia na uliyoyaweka wewe."

"Yakitoka ya kwake yatabaki ya kwangu peke yangu," Lesiba akasema. "Utaandika kwamba Ga-Lepadima tumbaku haijamteka mtu. Na wewe umepita sokoni, umewaona. Kama yake yanatoka, toa na yangu."

Daktari alimtazama Lesiba, akamtazama Mosima, akauliza polepole, "Nyinyi wawili kuna nini kati yenu?"

Mosima aliniambia ule ndio wakati aliochukia zaidi katika habari nzima. Kwamba mwanamke msomi kama yule, akiona watu wawili wanakubaliana, cha kwanza kilichomjia ni hicho. Lesiba alijibu kwamba hakuna kitu, na jinsi alivyoinamisha uso ilionekana kama kuna kitu.

Wakatumwa nyumbani. Siku mbili hawakuitwa. Siku ya tatu daktari alichukua gari yake mwenyewe, akaenda ng'ambo ya mto kwa Koko Raesetja, akamhoji mwenyewe, bila mtu. Aliporudi aliwaita, na mlango ulikuwa wazi.

"Nimepata hapana," akasema. "Kwa adabu nyingi na chai. Nilipomuuliza kama hamu humshika, alikuwa na kopo mkononi. Nilipogeuza ukurasa alinusa. Nilipomuuliza kama anatumia muda mwingi kwa tumbaku, alinyanyuka akaenda kumtafuta mtoto wa jirani amtume dukani kununua ugoro, nikakaa peke yangu na kuku wake mpaka chai ikapoa. Akarudi akaniambia hapana." Akavua miwani. "Niliandika hapana. Ningeandika nini?"

Hakuomba radhi. Si mtu wa kuomba radhi. Lakini majibu ya Mosima hayakutolewa, wala ya Lesiba. Yaliwekwa yote mawili yalivyo, na ripoti ikasema kwamba katika kijiji hicho kipimo kiliwashika watu kwa kadiri muulizaji alivyojua kuuliza, na kwamba kipimo cha namna hiyo bado hakijakamilika kwa watu wa ugoro, wala kwa wale wanaoficha. Awamu iliyofuata wahojaji walikaa wawili wawili. Mmoja anasoma, mwingine anaweka karatasi chini na kuuliza yanayoishi ndani ya nyumba ile. Mosima na Lesiba walipangwa pamoja. Watu wakasema walivyosema.

Habari ya sigara ilimfikia mama mkwe kabla ya mwezi kuisha. Mosima hakujua nani kaisema. Alimuuliza Lesiba, Lesiba akaapa si yeye. Alimfikiria Koko Raesetja na ile hm yake. Alimfikiria daktari. Hata mimi aliniuliza, siku moja tukipanga vidonge, kwa sauti ya kawaida ambayo haikuwa ya kawaida, na nilimwambia ukweli, kwamba mimi nilikuwa sijui mpaka aliponiambia yeye. Sijui kama aliniamini.

Mama mkwe hakupiga kelele. Alisubiri mkamwana wake atoke kazini, akamwambia, "Njoo hapa," akamvuta kwa kola, akanusa shingo yake, akamwachia. "Miaka yote hii nikikusifia sabuni," akasema. Wiki mbili hawakusemeshana ila kwa kupitia watoto. Mume alipoambiwa kwa simu aliuliza kama kuna kingine asichokijua, na swali hilo bado analiuliza, kwa njia nyingine nyingine, kila anaporudi.

Mosima alijaribu kuacha. Akashindwa, akajaribu tena. Siku zingine anapita nyuma ya matangi bila kusimama, siku zingine anasimama. Glavu ameziacha. Akivuta sasa anavuta waziwazi, na wagonjwa wanamwona. Siku moja bibi mmoja alimwomba amwashie na yeye.

Mwanawe mdogo humkimbilia akitoka kazini, na yeye humshika, hivyo hivyo, na harufu. Mama mkwe huwatazama kutoka kizingitini. Jioni, Mosima akiwa anapika, mama mkwe huenda kwenye kamba ya nguo, akashika gauni moja moja la mkamwana wake, akaliinua puani.